Benchi la Fundi: Siti ya kuvua kila siku

Fundi, shikamoo. Nimejitengenezea siti ya pikipiki kwa mkono wangu: ubao wa plaiwudi wa milimita 12, sponji juu, na ngozi bandia nimeshona mwenyewe. Chini yake kuna betri na mfuko wa spana, na mvua ikikaribia huwa naivua naingia nayo ndani. Kwa hiyo inatoka kila siku, siku nyingine mara mbili. Siti ya zamani ilishikwa na bolti mbili za kumi kwa nyuma, na nati moja iliyochomelewa kwenye fremu imeliwa meno, haikazi tena. Nimefikiria sumaku, nimefikiria velkro, nati za masikio, na zile skrubu za kuzungusha robo kama za magari ya mashindano. Jirani ananiambia niweke bolti nene za stenlesi nimalize kazi. Naogopa kumpakia mke wangu siti ikiwa inacheza. Niifunge na nini?
Msomaji mwenye siti ya mkono wake

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja, sikuliona. Umetaja vifungio vitano lakini hukusema siti imekalia nini. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu bolti ya siti haitakiwi kukubeba. Ukiona inakubeba, ujue kuna kitu kimekosekana.

Chukua siti yoyote ya kiwandani uigeuze kifudifudi. Mbele utaona ulimi wa bati nene au plastiki ngumu, ule unaoingia chini ya kishikio nyuma ya tangi. Katikati na nyuma kuna vipira vinne au sita, vinene kama kidole gumba, vimechomekwa kwenye matundu yake. Uzito wako na wa mkeo unashukia kwenye vipira hivyo, navyo vimekalia bomba za fremu. Ulimi unazuia mbele isinyanyuke na isiyumbe kushoto na kulia. Bolti za nyuma, au komeo la ufunguo, zimebakiziwa kazi ndogo tu: mkia usiruke, na siti isirudi nyuma ulimi ukachomoka.

Kwa kazi hiyo ndogo bolti yoyote nzima inatosha. Hiyo unayoiita ya kumi ni M6, yaani unene wake ni milimita 6; kumi ni namba ya spana yake. Ikiwa na namba ya uimara 8.8 kichwani, ili uikate kwa kuivuta unahitaji zaidi ya tani moja na nusu. Sijawahi kuletewa siti iliyong'oka kwa sababu bolti nzima, iliyokazwa, ilikatika. Nimeletewa zilizolegea, zilizotanua tundu, na zilizong'oka na kipande cha ubao wake.

Naweza kukuhadithia moja kwa sababu ilikuwa yangu. Nikiwa kijana nilijitengenezea siti kama wewe, nikaifunga kwa nati mbili za masikio, ulimi sikuweka. Nilijiambia nati zinatosha. Nikampakia shangazi yangu, tukafika mlimani, nikaongeza mafuta. Siti ikabaki na shangazi, mimi nikatangulia kidogo. Hakuanguka, kwa sababu alinishika shati mpaka likachanika mgongoni, lakini alishuka, akachukua mkoba wake, akaenda kwa miguu bila kusema neno. Mpaka leo akiniita "dereva" watu wote wa nyumbani wanacheka. Nati moja ilikuwa imedondoka njiani. Ya pili ilikuwepo, imelegea, inazunguka kwa pumzi.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, weka ulimi. Bati la chuma la milimita 3, pana kama vidole vitatu, lipinde kidogo mwishoni lielekee kishikio, ulifunge kwenye ubao kwa bolti nne na washa pana upande wa sponji. Usitumie skrubu za mbao hapo, mtikisiko utazing'oa. Kisha vipira. Vya siti iliyotupwa vinafaa kabisa kama havijapasuka.

Halafu fanya jaribio la chaki. Paka chaki chini ya kila kipira, weka siti mahali pake, kalia na uzito wako wote, nyanyuka, ivue, uangalie fremu. Kila kipira lazima kiache alama. Siti nyingi za kujitengenezea zinaacha alama tatu kati ya sita, maana yake ubao unaelea upande mmoja, na kila shimo la barabara linaupinda kidogo. Bolti utalaumu bure. Kikosacho alama kiwekee kipande cha mpira chini yake mpaka kiguse. Hili ni jambo la nusu saa, na ninalithamini kuliko bolti zote nitakazozitaja hapa chini.

Sasa vifungio. Kinachoamua ni mara ngapi unafungua. Mtu anayefungua siti mara moja kwa miezi mitatu kutazama betri, namwambia abaki na bolti mbili za M6 zenye kola, achukue spana yake ya aleni, habari imeisha. Wewe unafungua kila siku. Bolti ya M6 inasogea milimita moja kwa kila mzunguko, na kama inaingia milimita 20, utazungusha mara ishirini kuingia na ishirini kutoka, mara mbili kwa bolti mbili. Siku ya mvua utachoka, utaanza kuzikaza nusu, au utaacha moja. Nawajua watu, na mimi mmoja wao.

Sumaku iondoe kichwani. Kilo zinazoandikwa kwenye sumaku ni za kuivuta wima kutoka kwenye chuma kinene kisicho na rangi. Weka rangi katikati, weka vumbi, isukume kwa ubavu, inateleza kama sabuni. Na siti inasukumwa kwa ubavu siku nzima. Velkro nayo inashika vizuri mpaka siku ya tope la kwanza. Nati za masikio nimeshazisema, ingawa si kosa lake peke yake. Zimetengenezwa zikazwe kwa vidole, na vidole havina nguvu ya kuinyoosha bolti kidogo, na bolti isiyonyooshwa haishiki. Hilo tutalirudia kwenye barua ya pili.

Skrubu za robo mzunguko si wazo baya. Zilianza kwenye maganda ya ndege, miaka ya 1930, na William Dzus, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani, ndiye jina lake likabaki kwenye aina hiyo. Ukisema Dzus kwa watu wa mashindano wanakuelewa. Ndani yake kuna waya wa springi, na shina la skrubu lina mfereji uliojipinda. Ukizungusha robo, mfereji unaupanda waya, unasikia mlio mdogo, tak, na imeshika. Ubaya wake ni kwamba haina huruma ya unene. Shina limepimwa kwa unene fulani wa vitu viwili vinavyoshikanishwa. Plaiwudi yako ikivimba kwa unyevu kidogo, haifiki, ikibonyea, inacheza. Kwa hiyo usiipitishe kwenye ubao wenyewe. Funga bati dogo chini ya mkia wa siti, lichomoze nje ya ubao, na skrubu ipite kwenye bati. Mbili zinatosha, ikiwa ulimi upo na vipira vinasukuma juu kidogo. Msukumo huo wa vipira ndio unaoifanya isigonge.

Lakini kama ni siti yangu, mimi ningechukua komeo la ufunguo la pikipiki iliyokufa. Yaani lile komeo lenye mdomo unaodaka chuma cha mviringo kilichopinda kama herufi U chini ya siti. Viwanda vimefungua na kufunga siti kwa namna hii miaka mingi kwa sababu kila hali ya mkono wa binadamu imo humo: unaibamiza tu inajifunga, huhitaji kukumbuka kukaza, na mwizi anahitaji zaidi ya vidole. Hakikisha tu chuma cha U kinaingia katikati ya mdomo. Kikiingia pembeni, komeo litashika siku ya kwanza na kuachia siku utakayopakia mtu. Chuma cha U kifunge kupitia matundu marefu kama punje ya ngano, siyo ya duara, ili uweze kukisogeza mpaka kipate mahali pake kabla ya kukaza kabisa.

Ukiamua kubaki na bolti hata hivyo, basi weka M8 yenye kichwa kikubwa cha plastiki cha kushika kwa kiganja. M8 meno yake ni mapana zaidi, milimita 1.25 badala ya 1, yanavumilia mchanga, na kiganja kinakaza vizuri kuliko vidole viwili kwenye masikio. Ile nati iliyoliwa meno ndiyo nafasi yako: itoboe kwa drili ya 6.8, pitisha tapu ya M8, ile ya kuchongea meno, taratibu na mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kama chuma chake hakitoshi, kata nati ya zamani, weka nati ya ribiti, ile inayoingizwa na kubanwa kwa upande mmoja tu. Hizi nazo ni za ndege, B.F. Goodrich walizibuni miaka ya 1930 kufungia mipira ya kuvunja barafu kwenye mabawa, mahali ambapo mkono haufiki nyuma. Ya M6 inataka tundu la milimita 9, ya M8 la 11. Chagua yenye mikunjo ubavuni, kwa sababu laini itazunguka siku moja na bolti ndani yake, na hapo hutoi siti wala huifungi.

Kwenye ubao, msomaji wangu, kuna kosa moja ambalo karibu kila anayetengeneza siti ya plaiwudi analifanya. Nati ya kucha, ile yenye meno manne ya kugongelea, watu wanaigongea upande wa chini kwa sababu ndiko wanakokuona. Bolti ikitoka chini na kukazwa, inaivuta nati itoke kwenye ubao. Inatakiwa igongwe upande wa juu, chini ya sponji, ili kila unapokaza inazama zaidi. Nilipofungua siti moja iliyokuwa ikilegea "bila sababu", matundu manne ya kucha yalikuwa yametanuka kama midomo ya samaki, na nati iko mkononi mwangu. Kama sponji imeshagundishwa, itoe. Hakuna njia ya mkato.

Jirani yako na stenlesi zake. Stenlesi ya kawaida, iliyoandikwa A2-70, si imara kuliko 8.8, ni dhaifu kidogo. Uzuri wake ni kutoshika kutu, basi. Na stenlesi kwa stenlesi bila grisi inang'atana. Niliwahi kufunga bolti ya stenlesi kwenye nati ya stenlesi kwa kasi, kavu, nikidhani nimefanya kazi ya kifahari. Katikati ya safari ikasimama, haiendi mbele hairudi. Niliikata kwa msumeno, dakika arobaini, nimelala chini ya mkia wa pikipiki huku vumbi la chuma likiniingia machoni. Ukizitumia, paka grisi ya shaba, zungusha polepole. Na kama nati imo ndani ya aluminiamu, grisi ni lazima, maana metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa.

La mwisho kwako, urefu. Kabla hujafunga bolti yoyote ya mkia, pima inachungulia kiasi gani upande wa pili. Meno mawili nje ya nati yanatosha. Kijana mmoja benchini kwangu alikosa bolti ya milimita 20 akaweka ya 40, ikaning'inia chini ya madigadi. Pikipiki ikiwa imesimama tairi halikuigusa. Watu wawili walipopanda, shokamzoba zikazama, bolti ikachora mstari mmoja mnyoofu katikati ya tairi la nyuma, kama mtu aliyepiga rula. Tuliuona mstari ule ukiwa na kina cha milimita mbili. Angalia pia upande wa betri, bolti isije ikagusa kichwa chake.

Kaka fundi, siti yangu ni ya kiwandani, ulimi upo, vipira vipo. Bolti zake mbili zinalegea kila wiki. Nimeweka washa za springi, zikalegea. Nikaweka mbili mbili, bado. Nimeambiwa nitie gundi ya bolti, lakini natoa siti kila mwisho wa wiki. Nakosea wapi?
Dada mwenye spana mfukoni

Dada, washa ya springi imewadanganya wengi. Mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua bolti zaidi ni mtelezo wa ubavu, vitu viwili vilivyoshikanishwa vikisogezeana huku na huku, na mashine ya kupimia aliyoitumia bado inaitwa kwa jina lake. Kwenye jaribio hilo washa ya springi haisaidii kitu. Ukikaza bolti sawasawa inalala tambarare, ikishalala ni washa ya kawaida tu. Kuweka mbili ni kuongeza vitu vya kuteleza.

Kinachoizuia bolti isilegee ni mvuto wake wenyewe. Ukiikaza inarefuka kidogo mno, usiouona kwa jicho, kama springi ngumu, na huo mvuto ndio unaobana. Sasa tafuta kama kuna mpira katikati ya mbano. Nina hakika upo. Siti nyingi za kiwandani zina bushi fupi ya chuma, kama pete nene, ndani ya tundu la mpira ambamo bolti inapita. Bolti inakaza juu ya bushi, chuma kwa chuma, na mpira unabaki huru kuzungukia. Bushi ile ikidondoka, na hudondoka kila mtu anapofungua siti juu ya nyasi au gizani, bolti inaanza kukaza mpira. Mpira unabonyea, unazoea, mvuto unakwisha. Wiki moja, kama ulivyosema.

Itazame karibu. Ukiona tundu la mpira limetoa unga mweusi, na tundu la bati limekuwa yai badala ya duara, likiwa limeng'aa upande mmoja, hiyo ndiyo habari. Tengeneza bushi kutoka kwenye bomba la chuma: ndani ipite M6 bila kung'ang'ania, urefu uzidi unene wa mpira kwa unywele tu. Ikiwa fupi kuliko mpira, umerudi palepale. Ikiwa ndefu sana siti itacheza. Unaipiga tupa kidogo, unajaribu, unapiga tena.

Gundi ya bolti usitumie kwa kitu unachofungua kila wiki. Ile ya bluu inafunguka kwa spana, lakini kila ukifungua inabidi usafishe meno na upake upya, na nani atafanya hivyo? Ile nyekundu usiiguse kabisa, inataka moto kuiachisha, na moto chini ya siti ya sponji ni kesi nyingine. Halafu ikichuruzika kwenye plastiki za mkia, baadhi yake hupasuka nyufa. Nati yenye nailoni ni nzuri kama nyuma pa bolti panafikika. Siku utakapoweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, itupe. Ukishaweka bushi, M6 ikaze kama nyutoni-mita 10, au kile kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Bila spana ya kupimia, shika spana fupi kwa vidole vitatu, simamisha inapogoma. Kisha chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati. Ukiona mstari umekatika siku yoyote, bolti imezunguka.

Na ukienda kununua nyingine, beba ile ya zamani. Sisi mafundi tunaita bolti kwa spana yake, na hapo ndipo watu hupotea. Ya kumi ni M6, sawa. Lakini ya 12 na ya 13 zote zaweza kuwa M8; pikipiki za Kijapani hupenda kichwa cha 12. Na kama pikipiki ni ya Kimarekani, bolti ya siti inaweza kuwa ya robo inchi. Unene wake ni milimita 6.35, kwa hiyo M6 inaingia ikicheza, inashika raundi mbili tatu, unajipongeza, kisha inakula meno yote ya nati.

Fundi, waya wa kufungulia siti umekatika na siti imefungwa. Niivunje?
Msomaji mwenye haraka

Usiitie nondo. Ukiinyanyua kwa nguvu utavunja ulimi, na siti itakuwa haina mbele wala nyuma. Muombe mtu akandamize mkia wa siti kwa viganja viwili, kwa nguvu, ili chuma cha U kiache kulivuta komeo. Wakati huohuo wewe, kwa plaisi yenye mdomo mrefu, tafuta waya wa ndani upande wa tundu la ufunguo au chini ya madigadi, uvute. Kama umekatikia kwenye komeo lenyewe, ingiza waya mgumu uliopindwa kama ndoano kutoka chini, uguse mkono wa komeo, uusukume upande ule waya ulikokuwa ukiuvuta. Ukishafungua, funga kamba nyembamba ya nailoni kwenye mkono huo, ipitishe mahali ambapo wewe tu unapajua, uifiche ncha yake. Mimi yangu ipo nyuma ya taa ya mkia.